Kura ya Monitrice katika Kopo Langu

Jambo lote liligharimu kura moja. Nimehesabu mara mbili, maana mimi hata chenji ya mchungaji naihesabu mara mbili, na mara ya pili pia ilitoka moja. Mtasema, kura moja ni nini, katika nchi ambayo watu hupanga mstari tangu alfajiri na mashine ya kuchagulia inafika jua likiwa utosini? Nimeishi kwa kushusha bei za vitu, nikajaribu kuishusha na hiyo. Haishuki. Tena haikuwa yangu. Ilikuwa ya jirani yangu ambaye mtaa wetu mzima wa Hewa Bora ulimwita Monitrice, na carte yake, kadi ya kuchagulia, iko kwangu mpaka leo, ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya meza ninapouzia samaki.

Jina lake la ubatizo nalijua. Liko kwenye hiyo carte, pembeni ya picha ambayo amemkasirikia mpiga picha. Lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Monitrice, yaani mwalimu, kwa sababu alifundisha kwenye foyer, ile nyumba ya kampuni ya shaba ambako wake wa wafanyakazi walijifunza kushona, kupiga pasi, na kuoka keki ambayo hakuna kati yao aliyekuwa na jiko la kuiokea. Foyer ilifungwa zamani. Vyerehani viliondoka kimoja kimoja kwa mlango wa nyuma. Cheo tu ndicho hakikupata mnunuzi, kikabaki naye.

Alipiga pasi kila kitu. Pasi yake ilikuwa ya makaa, kwa hiyo hata umeme ukipotea juma zima, yeye alitoka amenyooka. Alipiga pasi vikwembe, yaani vitenge, leso, mataulo ya jikoni, hata noti. Akikulipa, unaziangalia kwenye mwanga ukidhani ni za bandia. Alitembea katikati ya barabara, si pembeni, na taksi zilimngoja. Dereva mmoja siku moja alimpigia honi ndefu. Akasimama, akageuka, akamwendea mpaka dirishani.

«Mutoto yangu, uko nakimbia wapi?»

«Mama, niko na ba clients.»

«Na mie niko mutu. Ngoja.»

Akavuka taratibu kuliko mwanzo. Na abiria nao walikuwa wanacheka, dereva angefanya nini?

Siku za Jumamosi alasiri aliwafundisha wanawake kuchagua. Sijui nani alimtuma, nadhani hakuna. Nyuma ya nyumba yake aliweka meza, juu ya meza sufuria nne, kila moja na namba yake iliyoandikwa kwa chaki. Hao ndio walikuwa wagombea. Namba moja ilikuwa sufuria kubwa ya bukari, ugali wetu, imesuguliwa kwa mchanga, inang'aa. Namba mbili kasufuria ka chai. Namba tatu ilikuwa na tundu. Namba nne haikuwa na mfuniko, na Monitrice alisema imekwisha kutawala mara mbili, na ilipoondoka ilikwenda na mfuniko. Zilipokuja mashine, akachukua sanduku la karatasi la televisheni, akachora vidirisha vinne, akawafundisha kufinya kwa kidole bila kuogopa. Lakini sufuria zilibaki, kwa sababu wanawake walizipenda.

Nilikuwa naangalia juu ya ukuta. Kupita kwenye mlango ningehesabiwa mwanafunzi.

«Mama Jolie, unaweka nani?» Monitrice akauliza.

Huyo Mama Jolie alikuwa mdogo kuliko wote, mcheshi, mwenye kuchukua samaki kwangu kila juma. Akajibu bila kufikiri, na ile «Ba» yetu ya heshima:

«Namba moya, Ba Monitrice! Iko mukubwa, iko nangaa.»

«Umefunua?»

«Apana.»

«Funua.»

Akafunua. Ndani kulikuwa na ukoko mweusi wa bukari ya juma lililopita.

«Mama yee! Imeungua!»

«Njo vile,» akasema, yaani ndivyo hivyo. «Chungulia kwanza. Na usipige kelele na jina ya candidat yako, kura ni siri.»

«Lakini weye njo umeniuliza!»

«Nikikuuliza, weye unyamaze.»

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Naye hakucheka. Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na njaa ya siri za watu kuliko wote. Baada ya kila kura alipita nyumba kwa nyumba: «Uliweka nani? Usiniambie. Uliweka nani?» Na wewe usipomwambia alikwenda amenuna, na ukimwambia alikwenda amenuna zaidi, kwa sababu sasa umekuwa mwanafunzi mbaya.

Nimsifu na kasoro zake, la sivyo atakuja kunikosoa. Alikuwa na dharau kwa sisi wanawake wa soko. Foyer ilikuwa imemfundisha kwamba mwanamke mwema anakaa nyumbani anashona mapazia, na miaka yote ile, kampuni ikianguka, mishahara ikikatika, waume wakila samaki waliouzwa na wake zao, hakuliondoa hilo kichwani. Aliniambia usoni:

«Mwanamuke wa soko anauza mpaka sauti yake.»

«Kama kuko mununuzi, lete,» nikamjibu. «Tutasikilizana bei.»

Aliniita Mamu, kama watu wanavyowaita wamama wa kwetu Kasai, na nilijua kwa namna alivyoivuta ile «Mamu» kama siku hiyo tuko vizuri au la. Ikiwa fupi, tuko vizuri. Ikiwa ndefu, nimeuza samaki mwenye harufu.

Na mume wake! Mzee wa reli, mpole, marehemu sasa. Monitrice aliyesimamisha taksi barabarani alikuwa anapiga goti kumpa maji ya kunawa. Kila kura ikikaribia, mzee alimwambia jioni kwenye kiti: mwaka huu tunaweka fulani. Naye: «Eyo, papa.» Nilisikia kwa masikio yangu, ukuta wetu ni mmoja. Siku moja nikamuuliza, kwa uchokozi:

«Ba Monitrice, unatufundisha kuchagua na kichwa yetu, na weye unafuata bwana?»

Akaniangalia kama mtu aliyeona doa kwenye shuka.

«Bwana iko nasema, miye niko naitika. Kuitika ni adabu. Kura ni kazi.»

Kisha akaongeza lile ambalo nilikuja kulielewa kwa kuchelewa. Akasema kwamba katika maisha yake ya ndoa, kila mlango uliomba saini ya mume. Kufungua hesabu benki, saini ya mume. Kazi ile ya foyer yenyewe, saini ya mume. Kusafiri kwenda kumzika dada, saini. «Fasi moya tu hawakuniuliza saini. Unaingia nyuma ya carton, uko peke yako na kidole yako. Bwana iko inje, padri iko inje, chef iko inje.» Alisema «inje» kwa raha, kama anawafungia mlango mmoja mmoja.

Alikuwa na hadithi mbili za kura, na alizirudia mno. Ya kwanza ni ya kofia. Ilikuwa bado wakati wa Wabelgiji, walipoanza kuwaachia watu weusi wachague wakubwa wa kommuni, zile tarafa za mji, wanaume peke yao. Yeye alikuwa msichana. Baba yake alivaa suti siku hiyo, akaenda kupanga mstari, na mama yake akamfuata na chakula. Zamu ikafika. Baba akavua kofia, akamkabidhi mama, akaingia. Mama akangoja nje na kofia mikononi, yeye na wanawake wengine, kila mmoja na kofia ya mtu wake. Baba alipotoka, mama akamuuliza umeandika nani. Akasema: mambo ya wanaume hayo, leta kofia. Kofia hiyo ilibadilika rangi kila mara hadithi iliposimuliwa. Mwaka mmoja ya kijivu, mwaka mwingine nyeusi yenye utepe. Jambo moja halikubadilika: mama yake aliirudisha bila kusema neno, na njia nzima ya kurudi kambi ya wafanyakazi hakuzungumza.

Ya pili ni ya kura yake mwenyewe ya kwanza. Uhuru ulikwisha kupita, vita vya kujitenga vilikwisha kupita, ikaja katiba mpya na wanawake wakapewa haki. Akashona rinda kwa ajili ya siku hiyo. Akafika, akakuta karatasi za rangi mbili, kijani na nyekundu. Kijani ni ndiyo. Nyekundu ni hapana. Mgombea ni mtu mmoja. Na askari amekaa pale pale, karibu na sanduku, anaangalia rangi.

«Balitupa haki ya kuchagua ile siku chaguo ilikwisha,» alisema. Hapo ndipo wanafunzi wake walipokuwa wanacheka, na yeye aliwaacha wacheke, kisha anamalizia kwa sauti ya chini: «Nilishika nyekundu. Niliishika mu mukono, muzuri. Kisha nikaweka kijani.»

Hakuna aliyecheka tena. Nadhani masomo yote ya Jumamosi, sufuria na sanduku la televisheni, yalikuwa malipo ya kijani ile. Kila mwanamke aliyemfundisha kuchungulia chini ya mfuniko alikuwa anamrudisha yeye mwenyewe pale, mbele ya askari, mara nyingine. Kura ikija hakosi. Anaamka gizani, anapiga pasi, anakuwa wa kwanza kwenye mstari, na akitoka anainua kidole chenye wino kama mtu anayeonyesha pete.

Sasa nifike kwangu. Nimezunguka vya kutosha.

Nauza samaki wakavu kutoka Kasenga. Gari likifika tunafungua vifurushi, na wanawake wa avenyu zetu wanachukua kwa beseni, wanazunguka nao nyumba kwa nyumba, mwisho wa juma wanaleta changu, wanabaki na chao. Wengi hawana cha kuanzia, kwa hiyo anayechukua lazima aache kitu. Mama zetu walishika vikwembe. Siku hizi tunashika carte. Kwa wasiotujua: ile carte waliyotupa ya kuchagulia ndiyo kitambulisho chetu. Bila hiyo hupati namba ya simu, hutoi pesa kwa wakala, polisi wa njiani hakuachi. Mwanamke anaweza kulikimbia deni, lakini hawezi kuikimbia sura yake. Atarudi. Sikuanzisha mimi, nilikuta wenzangu wanafanya, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema tunashika kura. Tuliona picha na plastiki. Miaka inapita bila carte kufanya kazi iliyotengenezewa hata mara moja, mpaka watu wanasahau ilitengenezewa nini.

Juma la kura walikuja mmoja mmoja. Mama, nikopeshe carte yangu siku moja tu. Nikakataa. Kura iliyotangulia, mwenzangu wa meza ya tatu aliziachilia, na mpaka leo anangoja. Nikawaambia, leteni pesa, mchukue carte, mkachague hata mara mbili. Walikuwa kumi na mmoja.

Siku moja kabla, mvua ikinyesha, Monitrice akaja. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya meza yangu mvua ikinyesha.

«Jambo, Mamu.» Fupi.

«Jambo, Ba Monitrice. Karibuni, samaki iko, ya leo.»

«Sikukuya juu ya samaki. Uko na ba mama yangu mu kopo.»

«Ba nani?»

«Usifanye mujinga. Kumi na moya. Bote banafunzi yangu.»

«Banafunzi yako, deni yangu.»

«Kesho ni kura.»

«Na kesho kutwa ni soko. Bakipita na carte, batarudi? Weye njo utabakimbilia?»

«Miye njo nitabakamata.»

«Na weye, nani atakukamata?»

Nilisema kwa kucheka. Ni biashara, unatupa neno, unaona litaangukia wapi. Yeye hakucheka. Akaingiza mkono chini ya kikwembe, akatoa leso iliyopigwa pasi, akaifungua juu ya meza yangu yenye magamba ya samaki. Carte yake ndiyo iliyokuwa ndani.

«Shika. Bakirudisha yote kumi na moya, utanirudishia.»

Na mimi nikafanya nilichofanya maisha yote.

«Moya kwa kumi na moya? Ba Monitrice, hiyo bei haitoshi.»

«Angalia muzuri. Hii haijalala mu kopo ya mutu hata siku moya. Haina deni. Ni mpya.»

Wanawake wa meza za jirani wakacheka, nami nikacheka, maana alikuwa amenishinda kwa lugha yangu mwenyewe. Nikachukua. Nikamhesabia zile kumi na moja, mara mbili. Swali lilikuwa limenifika mdomoni: na wewe kesho utachagua na nini? Lakini sokoni mtu akikukubalia bei, humuulizi kama ameiona hasara yake. Nililimeza. Akafunga carte za watu katika leso, akaondoka katikati ya barabara, mwavuli ukiwa umefungwa.

Kesho yake nilipanga mstari kwenye shule yetu, carte yangu kifuani, na ya kwake pamoja. Naapa niliibeba ili nimpe. Nilijiambia: atakuja kuomba, nitampa bila neno. Nilitaka tu aombe. Hiyo ndiyo sheria iliyonilisha: anayetamka kwanza ndiye anayeshuka bei. Nikangoja atamke.

Mashine zikachelewa. Jua likapanda, kisha mvua, kisha jua. Monitrice alikuwepo tangu asubuhi, amevaa kama wa misa, na ndoo ya maji na kikombe kimoja. Aliwapitia wanafunzi wake mstarini, akiwakumbusha kufinya polepole, akiwavuta wenye mimba mbele. Mtu wa bureau ya kura akatoka akaita:

«Bazee bapite! Ba Monitrice, pita weye wa kwanza!»

«Muzee nani? Acha nimalize kugawa maji.»

Mstari mzima ukacheka. Alikuwa hodari wa kuchekesha siku hiyo.

Akanifikia. Akachota, akaninyooshea.

«Mamu, kunywa.»

Nikanywa. Plastiki ilikuwa inanichoma kifuani, mbili, yangu na yake. Tuliangaliana juu ya kikombe. Nilijua kwamba anajua iko wapi. Mimi nikangoja yeye, naye, nadhani, hakuwa anangoja chochote. Kwake tulikwisha kukubaliana bei. Ndiyo tofauti ambayo sikuiona. Mimi nilikuwa bado nabishana na mtu aliyekwisha kulipa.

«Maji iko muzuri,» nikasema.

«Aksanti,» akasema, akaenda kwa mwingine.

Alinipitia tena, na tena. Nilichagua jua likishuka. Nilipotoka na wino kidoleni nilimkuta getini anamimina tone la mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimenyauka kwa maji, visafi kabisa. Muda ulikuwa bado kidogo. Ningeweza kumshika mkono, kumpitisha mbele, hakuna ambaye angemkatalia. Nikamwambia usiku mwema.

Asubuhi akaja na leso. Nikahesabu. Kumi. Nikahesabu tena.

«Moya haiko.»

«Ya Mama Jolie. Alipanda gari ya Kasenga, alienda nayo.»

«Alichagua kwanza?»

«Alichagua. Nilimuona kidole.» Na uso wake, nisidanganye, ulikuwa na raha. «Basi, shika ya miye. Njo vile tulisema.»

Nikamwambia: «Ba Monitrice, chukua tu.» Lakini nilisema kwa sauti ile ninayomwambia nayo mteja bei ya mwisho, sauti ambayo kila mtu anajua bado ina nafasi chini yake. Yeye hakuwa mtu wa kugombea bei. Akakunja leso tupu.

«Tulisema kumi na moya, Mamu.»

Hiyo «Mamu» haikuwa ndefu wala fupi. Sikuweza kuipima.

Mnadhani niliteseka? Si mara moja. Nilijitetea vizuri sana. Nilisema kumi na mmoja walichagua badala ya mmoja, hiyo ni faida. Nilisema mashine zenyewe zilikwamakwama, nani anajua kura ipi ilifika. Nilisema ni yeye aliyependekeza. Kila hoja ilikuwa nzito nilipoishika, na kila nilipoihesabu mara ya pili ilikuwa imepungua. Jumamosi hazikuendelea. Alisema magoti yanamsumbua. Nilikoma kuangalia juu ya ukuta. Kisha binti yake akaja na gari, akampeleka kwake Makomeno, mtaa wa wenye uwezo, na sufuria nne zikagawiwa majirani. Niliona namba moja inachemsha maharagwe ya watu, chaki bado ikionekana kidogo.

Mwaka huu, mmoja wa wanafunzi wake alikuja kuchukua beseni, akaniambia huku anaweka carte yake mezani kama kawaida: «Ba Monitrice aligonjwa. Ku hospitali balilomba carte, akasema iko kwa rafiki.»

Kwa rafiki. Nilifunga meza mchana huo, kitu ambacho sifanyi hata kwa misiba ya mbali.

Makomeno kuna kuta ndefu na miti, na mageti hayafunguliwi haraka. Binti alinifungulia nusu.

«Ni weye uko na carte ya mama?»

«Ni miye, mwana wangu. Njo naileta.»

«Unajua tulizunguka namna gani? Kaka yangu anatuma feza toka Zambia na jina ya mama, hawezi kutoa. Nikimuambia twende tulombe carte ingine, anakatala. Anasema iko, haijapotea. Vraiment, mama, weye unamufanyia mutu muzee vile?»

Nilikuwa na mfuko wa samaki, nikaunyoosha. Akaupokea kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri, si kwa sababu nyingine.

Monitrice alikuwa barazani, anapinda ukingo wa shuka kwa sindano, shuka imelala magotini kama imepimwa na rula. Alikuwa amepungua. Miguu haikufika chini.

«Mamu,» akasema. Fupi! Karibu nilie.

Nikafungua leso yangu, ambayo niliipiga pasi kwa makusudi, nikaweka carte juu ya shuka. «Ba Monitrice, njo hii. Nisameheni.»

Hakuigusa. Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

«Mama Jolie alirudisha yake?»

«Apana. Lakini nimeisamehe, deni na yote. Imekwisha.»

«Kopo iko na ngapi sasa?»

Ningeweza kudanganya. Mbele ya mtu mwingine ningedanganya.

«Kumi na tano.»

«Mara mbili?»

«Mara mbili.»

Akaichukua carte kwa vidole viwili, akaangalia picha yake ya hasira, akanirudishia mkononi, akanikunjia vidole juu yake.

«Siku kopo iko na zero, utanileteya.»

«Ba Monitrice, kura iko mbali! Hizi carte hazisumbue mutu sasa. Ikikaribia nitabapa bote, naapa.»

«Ile siku pia ulikuwa nayo mu kifua.»

Kwa hiyo aliiona. Siku ile yote, kikombe baada ya kikombe, alikuwa anaiona.

«Nilifundisha ba mama kusikiliza kichwa yao mbele ya bwana, mbele ya chef, mbele ya soldat,» akasema, akitia uzi mwingine, tundu la sindano likimkwepa. «Sikubafundisha kutoka mu kopo ya mwanamuke mwenzao. Hiyo somo sikuwa nayo.»

Nikataka kumsaidia kutia uzi. Akasogeza mkono.

«Munikasirikie basi,» nikamwambia. «Munitukane.»

«Sina kasirani, Mamu. Ni bei.»

Binti yake alinifikisha getini. Kisha akasema kitu kimoja, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali wake: daktari amewaambia wasingoje mambo makubwa.

Tangu siku hiyo nimetoa carte tisa. Wanawake sita wanarudi kila juma na changu, kwa saa yake, hata bila kuitwa. Wawili wanachelewa. Mmoja sijamwona. Sita zimebaki koponi, mbali na ya kwake, na ni za wale wenye madeni makubwa, ambao wakinipotea siwezi kulipia gari lijalo la Kasenga, na hao wote kumi na watano watakosa cha kuuza, na mimi nao. Nimejaribu kushika vikwembe: vinanuka samaki na mwenyewe havitaki tena. Nimejaribu simu: inalia mfukoni mwangu, mume anauliza mimi ni nani. Nimeshika beseni lenyewe, nikakumbuka kwamba bila beseni hawezi kuuza.

Naandika haya kwa sababu wako wengi wanaouza kama mimi, hapa Kenya, mtaa wa soko letu si ile nchi, na kwingineko, Likasi, Kolwezi, na labda mmoja ameshapata njia. Mwanamke akija mikono mitupu, akitaka beseni moja ili watoto wale, nawe humjui vizuri, unashika nini kwake ambacho si yeye mwenyewe? Niambieni mapema. Mwanamke wa Makomeno ana haraka kuliko mimi.